Kofia ya Mzee Nyarugabo na Yadi Moja ya Columbus

Ijumaa tarehe 29 Aprili 2016, Mzee Ezéchias Nyarugabo, kiongozi wa zamu ya mchana katika ghala letu la Buffalo, atastaafu baada ya kuitumikia kampuni hii kwa miaka kumi na sita: sita Louisville, minne Columbus na sita hapa kwetu. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ukurasa wa Kiswahili wa jarida letu. Nimekubali, ila nawaomba wasomaji wanivumilie. Habari yenyewe ilinikuta nimeshika kikombe cha chai, na mpaka leo sijui kile kikombe nilikiweka wapi.

Kwa wasiomfahamu (ndugu zangu wa zamu ya usiku, nawaelewa), Mzee Nyarugabo ni yule mrefu mwenye kofia ya pama ya rangi ya kahawia. Ni kofia ya wafugaji wa kwao, katika milima ya Kivu ya Kusini, na yeye haivui kwa theluji wala kwa upepo wa ziwani. Bosi mmoja aliwahi kumpa kofia ya sufu ya kampuni. Akashukuru sana, akaivaa chini ya ile pama. Huivua kwa jambo moja tu, nalo ni maombi. Saa ya chakula akiivua, meza nzima inainamisha vichwa, na hata wenzetu wa kutoka Burma, ambao wana dini yao, huacha kutafuna mpaka atakapoirudisha. Hakuna aliyetuamuru. Kofia ikitoka, macho yanafumba. Naomba mlikumbuke jambo hili, maana ndilo lililotuletea makubwa.

Mzee alifika Louisville mwaka 2000 pamoja na mkewe Nyiramahirwe, ambaye sote tunamwita Mama Uwase, na binti yao. Alianza kwa kupakua malori. Wakati huo kampuni ilikuwa na mashindano yake ya futiboli ya Marekani, ile inayochezwa kwa mikono, na yapo hadi leo. Sisi tunacheza ile ya tepe: kila mchezaji anafunga tepe kiunoni, na mwenye mpira akichomolewa tepe, amekamatwa. Hakuna kuvunjana mbavu, kwa sababu Jumatatu lori linangoja.

Msimamizi wa Louisville alimtazama Mzee kimo, akamwingiza kwenye timu bila kumuuliza kama anaujua mchezo. Hakuujua. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na moja, Kiingereza kidogo, na alielewa neno moja tu katika yote aliyoelezwa: kimbia. Akapewa mpira. Akakimbia. Akawapita wote, akavuka mstari wa mwisho, akapata pointi, akaendelea. Akapita viti vya watazamaji, akapita mahali pa kuegesha magari, na ikabidi kijana mmoja wa stoo atumwe kumfuata barabarani. Alipoulizwa kwa nini hakusimama, alijibu kwamba hakuna aliyemwambia asimame. Louisville bado wanaisimulia, na kila mwaka barabara hiyo inasogezwa mbali zaidi.

Huko ndiko alikoupenda mchezo. Alipohamishiwa Columbus mwaka 2006, alikuta mji ambao watu wanajadili futiboli hii kanisani, hospitalini na kwenye misiba, naye akaketi akasikiliza. Alitoka huko akiwa mwalimu wa timu, mwenye imani moja ambayo hakuna mtu aliyewahi kuitikisa: mpira ukimbizwe, usirushwe.

Niieleze imani hiyo kwa ufupi, kwa faida ya wale wanaotazama soka peke yake. Katika mchezo huu timu ina nafasi nne za kusogea yadi kumi. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao. Unaweza kuurusha mbali, ukapata yadi zote kwa mara moja na watu wakapiga makofi. Unaweza pia kumpa mtu akimbie nao katikati ya watu, apate yadi tatu, achomolewe tepe, mjipange upya. Kurusha ni raha. Lakini Mzee alikuwa akituambia kwamba mpira ulioko hewani hauna mwenyewe. Anaweza kuudaka yeyote, hata adui. Mpira ulioko kwapani unao mwenyewe. Zaidi ya hayo, timu inayokimbia inashikilia saa, na mlinzi anayejiwa mbio kila mara huchoka, mpaka kufikia robo ya mwisho anaangalia chupa ya maji kuliko anavyouangalia mpira.

Yote ni kweli, na yote yanachosha kuyacheza. Mimi ndiye mrushaji wa timu ya Buffalo. Cheo changu ni cha kurusha, mkono ninao, na kwa miaka mitano kazi yangu ilikuwa kupokea mpira na kumkabidhi Theogene, dereva wa lori la ndani, aliyepewa miguu na Mungu. Nampa. Anakimbia yadi tatu. Nampa tena. Mwaka 2011 nilimkabili Mzee mbele ya Nsimire Sandrine wa upakiaji, mchezaji mwenzangu, nikamuuliza ni lini ataniruhusu nirushe walau mara moja. Akanitazama kwa huruma, akasema siku nikimwona amevua kofia uwanjani, nirushe. Sandrine alicheka mpaka akakaa chini. Uwanjani Mzee haombi. Huomba ndani ya gari kabla ya mechi. Kwa hiyo jibu lilikuwa kamwe, nami nikalipokea.

Kazini alikuwa vilevile. Sisi tulipenda kupakia paleti mpaka juu ili twende safari moja. Yeye alitaka safari mbili fupi. Tulimnung'unikia wee. Lakini tangu ashike zamu yetu hakuna aliyeangukiwa na shehena, na mgongo wangu, ambao daktari alikuwa ameshaanza kuuzungumzia vibaya, bado ninao. Alikuwa anaingia kwa mlango uleule, dakika ileile, salamu ileile. Saa ya ukutani iliharibika mwaka juzi na ilichukua muda kabla hatujagundua, kwa sababu tulikuwa tunamtumia yeye.

Sasa nifike kwenye mishtuko, kwa maana ilikuja mitatu.

Wa kwanza hakuuleta yeye. Februari 2015 tulikusanyika kwa Theogene, East Side, tukiwa na sambusa za Grant Street, kutazama fainali kubwa ya taifa. Wote mnaikumbuka. Timu ya Seattle imebakiza yadi moja, muda unaisha, ina mkimbiaji anayeogopwa na nchi nzima. Ikarusha. Adui akadaka, mchezo ukaishia hapo. Sisi tulipiga kelele. Mzee alisimama, akasema, "Walikuwa na yadi moja," akachukua koti lake akaenda nyumbani Kenmore bila kumaliza sambusa. Wiki nzima kazini hakuwa na neno lingine. Ulikuwa unamuuliza lori la Cleveland limefika, anakujibu yadi moja.

Mshtuko wa pili ni Kombe la Maghala, Novemba mwaka huohuo, uwanjani Columbus. Lazima niseme tulikuwa tunashindania nini. Ghala linaloshinda kombe linafungwa Krismasi, tangu mkesha mpaka Jumapili, na kazi yake inabebwa na maghala mawili yaliyobaki. Buffalo haikuwahi kushinda. Tangu Mzee ahamie hapa, Mama Uwase aliongoza kwaya kila Krismasi huku kiti cha mumewe kikiwa na koti la mtu mwingine. Mimi watoto wangu nilipowaambia safari hii huenda nikabaki nyumbani, walinijibu kwa Kiingereza kwamba kila mwaka nasema hivyo, wakaendelea na simu zao. Basi tulikwenda Columbus na hamu ya watu waliochoka kula wali wa Krismasi kwenye kontena la plastiki.

Fainali ilikuwa sisi na Louisville. Timu yao inaongozwa na Protasi, mtu wa Uvira, na walinzi wake karibu wote ni watu wa kwetu, wazee wa kanisa na wanakwaya. Walimjua Mzee kuliko tulivyomjua sisi. Mchana wote walijazana katikati kumngoja Theogene, na mchana wote Theogene alijipenyeza akapata yadi zake tatu. Tukafika mwisho tukiwa nyuma kwa pointi nne, na kuvuka mstari ni pointi sita. Zimebaki sekunde chache, nafasi ya nne, na mpira uko yadi moja kutoka mstarini.

Yadi moja. Nilimwona Theogene anatabasamu. Kila mtu pale uwanjani, hadi mama aliyekuwa anauza kahawa, alijua tutafanya nini. Nikageuka kumtazama Mzee kwa mazoea tu.

Alikuwa amevua kofia.

Sikuwahi kukiona kile kichwa juani. Kilikuwa cheupe kwa mvi na kidogo kuliko nilivyotarajia. Akili yangu ilisimama, lakini mdomo ulikuwa umeshaita mpira, na mwenzetu anayeutoa, ambaye kazi yake ni kuinama bila kuona mtu, akanipa. Nikamtafuta Theogene nimkabidhi kwa mazoea. Theogene alikuwa amefumba macho. Nikatazama mbele. Ukuta mzima wa Louisville ulikuwa umeinamisha vichwa, mikono imekunjwa mbele, mmoja anatikisa midomo. Wameona mzee amevua kofia na kutazama chini, nao wakafanya kama walivyolelewa. Kati ya wachezaji, wawili tu walikuwa na macho wazi, mimi na Sandrine, kwa kuwa sisi peke yetu tulikuwepo mwaka 2011. Nikarusha. Sandrine akadaka kifuani ndani ya mstari, peke yake, hana hata wa kumpa mkono.

Refa wetu, Karoli wa ghala la Columbus, akainua mikono yote miwili. Pointi. Buffalo bingwa.

Tulianza kurukaruka. Upande wa pili watu walikuwa wanafungua macho mmoja mmoja, wanatazamana. Protasi hakugomba. Alimwendea Mzee polepole, akamwambia kwa heshima, "Muzee, sisi tulizani unaomba."

Nawaambieni, sijapata kuona mtu akishtuka namna ile. Mzee alimtazama Protasi, akaitazama kofia mkononi, akatutazama sisi. Hakuwa amewaza hilo hata kidogo. Yeye aliwaza mpira tu. Uso ulimwanguka. Akamfuata Karoli akamwomba mpira urudishwe pale ulipokuwa, kwenye ile yadi moja, na turudishiwe sekunde zetu, tucheze upya.

Hapo ndipo timu nzima ilipopigwa na butwaa. Krismasi ilikuwa mkononi mwetu. Theogene alishika kichwa. Sandrine, ambaye hajawahi kurushiwa mpira tangu azaliwe na ambaye alikuwa bado ameukumbatia, alikaa chini kwenye nyasi akakataa kuutoa. Mimi nilikasirika, nalisema wazi, na nilimwendea Mzee nikamwambia hakuna kifungu cha sheria kinachokataza watu kufumba macho yao wenyewe. Akanijibu taratibu.

"Aganze, kudanganya mutu mu mchezo, njo mchezo. Kumudanganya mu maombi, hapana."

Akanyoosha mkono. Sandrine akainuka, akampa mpira. Karoli alisema katika maisha yake ya urefa hajaombwa kitu kama hicho, akawauliza Louisville, nao wakakubali upesi kabla mzee hajabadili mawazo.

Tukajipanga upya. Mzee alivaa kofia na kuikandamiza mpaka masikioni. Na sasa jambo la ajabu: hakuna aliyekuwa anamtazama Theogene. Louisville wote walikuwa wanaitazama kofia. Protasi alipiga kelele, akawarudisha nyuma watu watatu, mmoja akasimama kumganda Sandrine kama mkwe asiyetakiwa. Kwa miaka yote walikuwa na uhakika na mzee huyu, na uhakika huo ulikuwa umekufa mbele yao dakika chache nyuma. Katikati pale walipokuwa wakijazana pakabaki uwazi wa kupitisha paleti. Nikapokea mpira. Nikamkabidhi Theogene, kazi ninayoijua. Akapita wima, bila kukimbia sana, kama mtu anayeingia nyumbani kwake, akiwa na tepe zake zote mbili kiunoni.

Karoli akainua mikono kwa mara ya pili. Safari hii Protasi alikuwa wa kwanza kutupongeza, ingawa alikuwa amekwisha kulia kidogo.

Njiani kurudi Buffalo, baada ya kelele kupungua ndani ya gari, nilimuuliza Mzee ilikuwaje. Mtu aliyesusia sambusa kwa sababu ya Seattle, anafikaje kwenye yadi ileile na kuvua kofia? Alinijibu tulipokwisha kupita mji wa Erie.

"Bon," akasema, akichanganya Kifaransa kama kawaida yake, "myaka yote ile tulikimbiaka. Donc njo siku moja unaweza tupa, na hakuna mutu ataamini."

Nimelifikiria neno hilo kwa miezi. Mimi nilidhani mbio ni woga, na kurusha ndiyo akili. Kumbe kila yadi tatu za Theogene zilikuwa zinajenga kitu ndani ya vichwa vya Louisville. Na ule mpira wa Sandrine, ingawa haukuhesabiwa, ndio uliomfungulia Theogene mlango. Nilimwambia Mzee hivyo. Akasema ndiyo, na kwamba mwakani tutaendelea kukimbia.

Krismasi ghala lilifungwa. Mzee aliketi kwenye kiti chake kanisani, suti mpya, kofia magotini. Mama Uwase alitoa sauti siku ile kana kwamba anataka wasikie hadi Louisville. Kwa ukweli wa historia naandika pia kwamba mumewe alisinzia kwenye wimbo wa pili, akaamka kwenye matangazo.

Mshtuko wa tatu mnaujua. Ilikuwa Machi, saa ya chakula. Chakula kilikuwa kimeshaombewa na tulikuwa katikati ya kula. Nilikuwa nimeinua kile kikombe. Mzee akavua kofia mara ya pili. Hilo halikuwahi kutokea, lakini mwili una mazoea yake, na meza nzima tukainama, wa Burma wakaacha kutafuna. Tukangoja ile "Baba Mwenyezi" yake. Haikuja.

"Hapana," akasema, "leo sio maombi. Mwezi wa ine naacha kazi."

Hakuna aliyeinua kichwa. Akatuambia basi tuinue. Hatukuinua. Niliyatazama maharage yangu na kuyaona yanapoteza umbo. Sandrine, kando yangu, alikuwa anapumua kwa mdomo. Mtu ambaye kwa miaka sita ameingia kwa mlango uleule, dakika ileile, salamu ileile; nani angeamini? Alikuwa ametukimbizia yadi tatu kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, mpaka tukajazana wote pale katikati tukimngoja. Kisha akarusha.

Nimekuwa nikishtuka tangu Machi, na nakiri sina dalili ya kupona. Zamu itapata kiongozi mwingine, na atakuwa mzuri. Timu nimepewa mimi niifundishe, na nimeshamwambia Theogene apumzishe miguu vizuri, kwa sababu tutakimbia.

Mzee Nyarugabo, ahsante kwa migongo yetu mizima. Ahsante kwa Krismasi moja uliyoitupa na ukaturudishia ikiwa safi. Tunakuombea afya, kiti chako kisikaliwe na koti la mtu tena, na Mama Uwase akuvumilie ukisinzia.

Wenzangu wa zamu zote, tarehe 29 kila mmoja aje na kofia, yoyote aliyo nayo, hata ile ya sufu ya kampuni. Mzee akifika getini tutazivua. Ishara hiyo yeye anaijua, ndiye aliyeitunga. Na wewe Mzee, ukiviona vichwa vyetu wazi, vuka mstari uendelee. Pita magari, pita barabara. Safari hii hatutamtuma mtu akurudishe.

Jules Aganze, dereva wa foklifti, zamu ya mchana, Buffalo